Kazi za Muda Chuoni Si Sadaka

Kila mwanzo wa muhula, nje ya ofisi za maslahi ya wanafunzi katika vyuo vikuu vyetu vya umma, huonekana foleni ya vijana wenye bahasha mikononi. Ndani ya bahasha hizo mna barua ya chifu, barua ya kasisi au imamu, nakala ya cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, na maelezo marefu ya namna familia isivyojiweza. Mpita njia angedhani wamekuja kuomba msaada wa chakula. La hasha, wanaomba kazi. Wanaomba kufagia kumbi, kupanga vitabu maktabani, kupalilia maua au kuosha sahani katika ukumbi wa maakuli, saa chache kwa juma, ili wapunguze deni la karo. Ajabu ni kwamba aghalabu hakuna anayewauliza wanajua kufanya nini. Swali huwa ni moja tu: wewe ni maskini kiasi gani?

Naona hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kazi ya muda chuoni, ambayo katika nchi nyingine ni sehemu ya kawaida ya maisha ya mwanafunzi, kwetu imefungiwa katika kabati la sadaka. Anayeipata huipata kwa kuhurumiwa, huifanya kwa kujificha, na hulipwa anapokumbukwa. Chuo hakijioni kwamba kimeajiri, naye mwanafunzi hajioni kwamba ameajiriwa. Miaka minne baadaye kijana huyo ataketi mbele ya waajiri na kuulizwa ana tajriba gani, naye atajibu kwamba hana.

Vyuo vikuu vya Nairobi, Kenyatta na vinginevyo vina mipango ya kuchanganya kazi na masomo, na si haki kuibeza. Mgala muue na haki yake mpe. Wako watu wenye shahada leo ambao wasingelizipata lau si ufagio na toroli. Hata hivyo, nafasi ni chache mno zikilinganishwa na wahitaji, malipo huchelewa, na kazi zenyewe aghalabu hazimwongezei mwanafunzi ujuzi wowote wa fani yake. Mwanafunzi wa kemia hupewa fyekeo. Wa uhasibu hupewa ndoo na tambara. Simdharau anayeshika fyekeo, kwani mikono iliyofyeka ndiyo iliyotusomesha wengi wetu. Ninachouliza ni kwa nini maabara ya kemia, iliyo hatua hamsini tu kutoka pale anapofyeka kijana huyu, haina mtu wa kuosha mirija na kuandaa vifaa vya majaribio ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ili tuelewe aibu hii ilitoka wapi, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Elimu ya kikoloni ilimlea msomi wa Kiafrika aamini kwamba kalamu na jembe ni mahasimu. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilipoanza kupokea wanafunzi jijini Nairobi mnamo 1956, wale wachache walioingia walijua kwamba wakitoka watakuwa wakubwa. Baada ya uhuru imani hiyo ilizidi, kwani viti vilivyoachwa na Wazungu vilikuwa vikiwasubiri. Serikali iligharamia masomo, malazi na chakula. Hata mfumo wa mikopo ulipoanzishwa mnamo 1974, mwanafunzi aliendelea kupokea fungu lake la fedha za matumizi, zile ambazo wanafunzi wenyewe walizibandika jina la 'boom'. Waliosoma miaka hiyo husimulia hadi leo jinsi vyumba vyao vilivyosafishwa na wahudumu, na jinsi mitaa ya jiji ilivyochangamka siku fedha hizo zilipotoka. Mwanafunzi wa enzi hiyo ambaye angeonekana akiosha vyombo kwa malipo angedhaniwa amerukwa na akili.

Neema haikudumu. Idadi ya wanafunzi iliongezeka haraka, hasa kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 lilipobisha hodi vyuoni mnamo 1990, na wakati huohuo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilikuwa zikiishinikiza serikali ipunguze matumizi. Mnamo 1991 ukaja mpango wa kugawana gharama. Wanafunzi waligoma, vyuo vikafungwa, lakini mpango ukabaki. Chakula cha bure kikaondoka mezani, ukaingia mtindo wa kula kwa kulipa. Mnamo 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikaundwa kwa sheria ya Bunge.

Hapo ndipo mabweni yalipogeuka masoko. Katika chumba kimoja nywele zilisukwa; katika kingine kinyozi aliweka kiti na kioo; cha tatu kiliuza sigara, mkate na maziwa; cha nne kilikuwa na taipureta, na tangazo mlangoni la bei ya kila ukurasa. Jiko la umeme la koili, lililopigwa marufuku na kanuni zote za bweni, likawa mtaji wa mpika chapati. Ile aibu ya kale iliyeyushwa na njaa. Wanafunzi walijifunza kuuza, kukopesha, kudai na kuweka akiba, mambo ambayo wengine wao walikuwa wakiyasoma asubuhi katika mihadhara ya biashara bila kuyaelewa. Lakini vyuo vyenyewe havikubadilika. Mwitikio wao mkuu ulikuwa kuwatuma askari vyumbani usiku kunyakua majiko.

Sasa tuitazame historia nyingine ya wasomi wetu, ambayo hatuikumbuki inavyostahili. Mnamo Septemba 1959, ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Safari nyingine zilifuata katika miaka ya mwanzo ya 1960, na mamia ya vijana wa Afrika Mashariki wakatawanyika katika vyuo vya Marekani. Wengi walikuwa na ufadhili uliogharamia sehemu tu ya mahitaji yao, na hawakuwa na jamaa wa kukimbilia. Waliosha sahani, walifagia mabweni, walipanga vitabu katika maktaba, bega kwa bega na wana wa Wamarekani wenyewe. Kijana aliyeondoka kijijini kwa ngoma na vigelegele, akiwa ameshaitwa mheshimiwa kabla hajapanda ndege, alikuta kwamba ugenini hakuna anayekushangaa ukiwa na kitabu mkono mmoja na sufuria mkono wa pili. Waliporudi, hao ndio walioshika wizara, wakafundisha vyuoni na kuanzisha mashirika. Sijasikia hata mmoja aliyesema sahani zile zilimpunguzia hadhi.

Mnamo 1964, chini ya Rais Lyndon Johnson, Marekani iliuingiza mtindo huo katika sheria: serikali kuu ikaanza kulipa sehemu ya ujira wa mwanafunzi mhitaji anayefanya kazi chuoni kwake. Chuo cha Berea, katika jimbo la Kentucky, kimekwenda mbali zaidi. Hakitozi karo ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi ya chuo kwa saa zisizopungua kumi kwa juma. Ni kweli kwamba Berea ina hazina kubwa ya fedha zilizowekezwa, na jasho la wanafunzi peke yake lisingetosha kulipia gharama zake. Lakini litazame lile neno 'kila'. Mahali ambapo kila mtu anafanya kazi, ufagio hauwezi kuwa alama ya umaskini. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Baraton, huko Nandi, kilichoanza kufundisha mnamo 1980, kilirithi desturi kama hiyo kutoka kwa Waadventista wa Sabato, ambao kwa muda mrefu wameshikilia kwamba kazi ya mikono na masomo haviachani.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana funzo kwetu, zuri na baya. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mnamo Machi 1967, alitaka shule iwe pia shamba, na mwanafunzi awe mzalishaji. Wazo lilikuwa jema. Utekelezaji, mahali pengi, uliigeuza kazi kuwa adhabu au kuwa shamba la mwalimu mkuu. Nasi Wakenya tusicheke, kwani katika shule zetu aliyechelewa ndiye anayekata nyasi, na aliyepiga kelele darasani ndiye anayeosha choo. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanajua ninachosema. Tunamfundisha mtoto kwa miaka kumi na miwili kwamba kazi ya mikono ni malipo ya makosa, kisha tunastaajabu anapofika chuo kikuu na kuona haya kushika ndoo mbele ya wenzake.

Tuje kwenye fedha, maana bila hesabu mjadala huu ni maneno matupu. Kwa zaidi ya miongo miwili, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya masomo ya Sh16,000 kwa mwaka. Mnamo Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya, unaowagawa wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, kila kundi likiwa na kipimo chake cha ufadhili, mkopo na mchango wa mzazi. Mfumo huo umezua kesi: Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba mnamo Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo mnamo 2025. Wakati mawakili wakivutana, mzazi ameona kwa mara ya kwanza gharama kamili ya kozi ya mwanawe ikiwa imeandikwa, na kwa kozi nyingi ni mamia ya maelfu ya shilingi.

Tuseme mwanafunzi afanye kazi saa kumi kwa juma, kwa majuma kumi na manne ya muhula, alipwe Sh150 kwa saa. Atapata Sh21,000. Katika siku za ile karo ya zamani, muhula mmoja ungelipia karo ya mwaka na chenji ikabaki. Leo, mbele ya ankara ya kozi ya uhandisi, fedha hizo ni tone baharini. Kwa hiyo ile desturi ya kuuchukua ujira wa mwanafunzi na kuutia moja kwa moja katika hesabu ya karo imepitwa na wakati. Deni halipungui kwa namna inayoonekana, na kijana bado analala njaa. Zigawe Sh21,000 hizo kwa majuma kumi na manne, nazo ni Sh1,500 kwa juma. Hizo ni fedha za chakula, sabuni na nauli. Ndizo zinazoamua kama mtu atafika darasani Alhamisi au atabaki chumbani akiwa amelala ili asihisi njaa. Apewe mkononi, kwa simu, kila mwisho wa mwezi. Chuo kinachohofia kwamba atazichezea kimesahau kwamba kinasomesha watu wazima wenye kura.

Je, ni mzigo usiobebeka? Chuo kikiajiri wanafunzi 1,000 kwa kipimo hicho, gharama ni Sh21 milioni kwa muhula, Sh42 milioni kwa mwaka wenye mihula miwili. Si fedha kidogo, hasa kwa vyuo ambavyo vimezama katika madeni na ambavyo wahadhiri wake waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba 2025 wakidai malimbikizo ya mishahara. Lakini sipendekezi fungu jipya litoke mbinguni. Vyuo tayari hulipa kampuni za nje kwa usafi, kwa kuingiza data, kwa kutengeneza tovuti, kwa kuhama kutoka mafaili ya karatasi hadi kompyuta. Hukodi watu wa kuhesabu mali, kusimamia usajili wa wanafunzi wapya, kupiga picha za mahafali. Sehemu ya kazi hizo ingeweza kufanywa na watu walio tayari ndani ya ua, na fedha zilezile zikabaki humo humo.

Na kazi zipo tele kwa anayefumbua macho. Kila mwaka wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huanguka katika hisabati na takwimu kwa kukosa mtu wa kuwaeleza polepole. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyefaulu somo hilo angewafundisha kila jioni, tena kwa lugha wanayoielewa kuliko ya profesa. Wanafunzi wasioona huhitaji wa kuwasomea vitabu ambavyo havijawekwa katika breli wala katika sauti. Maktaba zina tasnifu za miaka ya 1970 zinazoliwa na mchwa, zikisubiri mtu wa kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho chimbuko lake ni shule ya kilimo iliyoanzishwa Njoro mnamo 1939, kina mashamba na mifugo. Idara za Kiswahili zina vijana wenye uwezo wa kutafsiri kanuni za chuo, fomu za zahanati na matangazo ya usalama, ambayo leo yameandikwa kwa Kiingereza tu kana kwamba mlinzi na mpishi si sehemu ya jumuiya ya chuo.

Ajira kubwa ya muda miongoni mwa wanafunzi wetu katika miaka ya hivi karibuni, hata hivyo, haikutolewa na chuo chochote. Ilitoka ng'ambo kupitia mtandao. Katika mitaa inayozunguka vyuo vyetu, maelfu ya vijana wamekuwa wakikesha wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha, ripoti na hata tasnifu kwa malipo. Mmiliki wa akaunti humpa kazi kijana asiye na akaunti, naye huikata sehemu yake kwanza. Aliyekesha hupata makombo. Biashara hii ilivuma kiasi kwamba mnamo 2024 ilitengenezewa filamu ya hali halisi, 'The Shadow Scholars', akishiriki Profesa Patricia Kingori wa Oxford, aliyezaliwa Kenya.

Sitaitetea. Ni udanganyifu, na mwalimu yeyote anayeona kuwa ni ujanja tu ajiulize atahisije daktari anayemtibu akiwa aliandikiwa mitihani. Lakini tusiishie kwenye kulaani. Hebu tufikirie maana yake: kijana ambaye chuo chake mwenyewe hakikuona afae zaidi ya kufagia aliweza kuandika, usiku mmoja, kazi ya sosholojia iliyopata alama ya juu katika chuo cha Ulaya, na kesho yake akaandika ya uuguzi. Huo ni uwezo wa utafiti na uandishi ambao idara zetu zingeweza kuununua kwa bei nafuu na kwa heshima, katika miradi ya wahadhiri, katika majarida ya vyuo, katika kuhariri na kukusanya data. Tuliuacha uende kuwatumikia wavivu wa mbali. Na sasa hata soko hilo linanyauka, kwani tangu programu za akili bandia za kuandika zilipoenea mwishoni mwa 2022, mteja wa ng'ambo hupata insha yake kwa sekunde chache bila kumlipa mtu wa Juja au Kahawa. Vijana waliokuwa wakijitegemea kwa njia hiyo wamerudi kwenye foleni ya bahasha.

Kuna wanaopinga kazi za wanafunzi, nao wanastahili kusikilizwa. Wa kwanza ni wafanyakazi wa vyuo na vyama vyao. Wanahofia kwamba mwanafunzi wa saa kumi ataletwa ili mfyekaji wa kudumu, mwenye watoto na mkopo wa chama cha ushirika, aachishwe. Hofu hiyo si ya bure. Ndiyo sababu nyingine inayonifanya niseme kazi za wanafunzi zielekezwe maabarani, maktabani, katika ufundishaji na katika kompyuta, mahali ambapo pengo ni kubwa na hakuna mtu wa kufukuzwa, badala ya kuwarundika katika ufagizi. Vyama vishirikishwe tangu mwanzo, na iandikwe kwamba hakuna mtumishi atakayepoteza nafasi yake kwa ajili ya mwanafunzi.

Wa pili ni wahadhiri wanaosema kwamba kazi itaua masomo. Nao wana hoja, ila hoja hiyo ni ya kipimo. Marekani humruhusu mwanafunzi wa kigeni afanye kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa masomo, na Uingereza nayo imewawekea wengi wao kikomo cha saa 20. Nchi hizo zimeona kwamba kuna mpaka, na kwamba mpaka huo si sifuri. Kwetu nadhani saa 10 zingefaa muhula ukiendelea, na zaidi wakati wa likizo. Isitoshe, mwanafunzi anayenyimwa kazi chuoni haendi maktabani kusoma. Anaendesha bodaboda usiku, au anauza nguo za mitumba Gikomba, au anafanya mambo ambayo mzazi wake asingependa kuyasikia. Kazi ya ndani ya ua, inayokwisha saa mbili za usiku na inayofahamu ratiba ya mitihani, ndiyo isiyodhuru masomo.

Habari ya wahitimu ni chungu zaidi, na hapa lazima niseme wazi kwamba neno 'uanagenzi' limeanza kutumiwa vibaya katika nchi hii. Mnamo 2019 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wahitimu mafunzo ya mwaka mmoja katika idara za umma. Kama mpango wa mafunzo, sina ugomvi nao. Lakini tazama yaliyowafika walimu. Mhitimu wa ualimu kwanza hufanya mazoezi ya ufundishaji bila malipo, akifundisha vipindi vya mwalimu kamili ilhali nauli na chakula ni juu yake. Akishafuzu, huajiriwa na bodi ya shule kwa kile ambacho shule inaweza kubana. Kisha, akibahatika, Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, humchukua kama mwanagenzi. Wale wa Sekondari Msingi walilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na walifundisha masomo ambayo wengine hawakuyasomea, kwa idadi ya vipindi sawa na ya mwalimu wa kudumu aliyeketi meza ya pili.

Mnamo Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa kama wanagenzi. Mwezi uliofuata walimu hao waligoma. Ilipofika Januari 2025, wanagenzi 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu, jambo la kupongezwa. Lakini mwaka huohuo wengine wapya wakaanza kuchukuliwa kwa mkataba uleule wa uanagenzi. Madaktari nao walikaa nje kwa siku 56 mnamo 2024, na kiini cha mgomo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yalisema zaidi ya Sh206,000, serikali ikataka kutoa Sh70,000. Mtu aliyesoma miaka sita na kupewa wagonjwa wa wadi nzima usiku si mwanafunzi wa kujaribiwa.

Tofauti ninayoitaka ni hii. Mwanagenzi ni mtu ambaye kazi yake inasimamiwa na anayejua zaidi, ana muda maalumu, na akiondoka leo shughuli zitaendelea. Ukiona kwamba akiondoka darasa litabaki bila mwalimu, huyo ni mfanyakazi, na kumwita mwanagenzi ni njia ya kumpunja. Kipimo hicho kitumike pia chuoni. Wahitimu bora waliobaki kusaidia idara, wale ambao zamani waliajiriwa kama wasaidizi wa wahadhiri huku wakisomea uzamili, ndio waliojaza vyuo vyetu wasomi. Siku hizi mahali pao pamechukuliwa na wahadhiri wa kulipwa kwa kipindi, ambao hukaa miezi mingi wakingoja malipo yao, huku wakisahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi. Kuwarudisha wasaidizi hao kwa mkataba wa miaka miwili, wenye karo ya uzamili ndani yake, kungekuwa ajira kwa mhitimu, nafuu kwa mhadhiri na mbegu kwa chuo.

Haya yote hayadai sheria mpya. Nafasi za kazi zibandikwe kwenye mbao za matangazo na katika tovuti ya chuo, zikitaja kazi, saa, ujira na ujuzi unaotakiwa. Mwanafunzi yeyote aombe, awe mtoto wa mkulima au wa wakili, ingawa mhitaji apewe kipaumbele kimyakimya, bila barua yake ya chifu kusomwa mbele ya wenzake. Utiwe saini mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Malipo yacheleweshwapo, mwanafunzi awe na mahali pa kulalamika pasipokuwa palepale alipohurumiwa.

Kisha kuna karatasi moja ambayo haigharimu chochote. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliyetumikia majuma manne mfululizo au zaidi cheti cha utumishi anapoondoka, kikitaja jina la mwajiri, kazi iliyofanywa na tarehe za kuanza na kumaliza. Vyuo vitajitetea kwamba mwanafunzi si mfanyakazi, naam, wanasheria na wabishane. Lakini hakuna sheria inayokizuia chuo kuandika kwamba fulani alitumikia maktaba yetu kwa miaka mitatu, aliaminiwa na funguo, na hakuna kitabu kilichopotea zamu yake. HELB huanza kumdai mhitimu mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia 4, na asiyelipa hutozwa faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi anaokawia. Katika mwaka huo mmoja kijana hupeleka maombi ya kazi kila mahali, na karibu kila tangazo linataka tajriba ya miaka miwili. Wengi wao wanayo. Waliipata usiku, kati ya rafu za vitabu na meza za maabara, na hakuna aliyewaandikia.

Bajeti za vyuo hupangwa kabla ya Julai, na wanafunzi wapya hufika kuanzia Agosti. Viongozi wa wanafunzi, ambao kila uchaguzi hutuahidi intaneti ya kasi na matamasha, wangeweza mwaka huu kuingia katika mkutano wa baraza la chuo na swali moja la hesabu: katika fedha zilizolipwa kampuni za nje mwaka uliopita, ni kazi zipi ambazo wanafunzi wetu wangeweza kuzifanya, na kwa saa ngapi?